Kuchonga Sanamu Kubwa kwa Gogo Moja kama Njia ya Sala: Mwongozo Kamili

Sanamu inayozidi kimo cha mtu humdai mchongaji mambo ambayo kinyago cha mezani hakimdai. Humlazimu kuzunguka, kupanda jukwaa, kuomba mikono ya wenzake na kukaa na kazi moja kwa miezi, huku akijua kwamba kila anachokiondoa hakirudi. Ndiyo maana watu wa dini mbalimbali, kwa karne nyingi, wameifanya kazi hii kuwa sehemu ya ibada yao. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye msingi wa useremala au wa kuchonga vinyago vidogo, anayetaka kuchonga sanamu moja ya mbao yenye urefu wa mita 2.5 hivi kwa ajili ya kanisa, nyumba ya mafungo au bustani ya sala, na anayetaka muda wote wa kuichonga uwe muda wa sala. Msimamo wangu ni kwamba sala ya namna hii hukaa ndani ya utaratibu wa kazi yenyewe, yaani katika kunoa, kupima, kungoja na kupokea msaada, na kwamba maombi yanayosemwa juu ya kazi iliyofanywa ovyo hayaitengenezi kazi hiyo.

Nia kwanza, umbo baadaye

Kabla ya kutafuta gogo, andika nia yako kwa sentensi moja au mbili: sanamu hii ni ya nani, itasimama wapi, na mtu atakayesimama mbele yake asaidiwe kuomba nini. Nia isiyoweza kuandikwa kwa ufupi bado haijaiva. Mpelekee padri, mchungaji au wazee wa mahali itakapowekwa, nawe uwe tayari kuibadilisha, kwa sababu sanamu ya mita 2.5 ikishasimama haimhusu tena aliyeichonga peke yake. Kwa msomaji Mwislamu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa wanazuoni wengi hukataza sanamu za viumbe wenye roho. Anayefuata hukumu hiyo anayo mapokeo tajiri ya milango ya Unguja na Lamu, yenye maua, majani, minyororo na aya za Kurani zilizochongwa kwenye vizingiti vya juu, na anaweza kuchonga nguzo au ubao mkubwa wa aina hiyo kwa kufuata hatua nyingi zilizo humu.

Umbo lifuate maumbile ya mti. Mbao ina nguvu kwa urefu wa nyuzi zake na ni dhaifu inapokatwa kukingama nyuzi hizo, kwa hiyo mkono ulionyooshwa kutoka kwenye shina utavunjika, kama si wakati wa kuchonga basi wakati wa kusafirisha. Wachongaji wa Kimakonde walilitatua tatizo hili vizuri kuliko wengi. Katika mtindo wa ujamaa, ambao mwanzo wake huhusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, watu wengi hushikana, hubebana na kupandana ndani ya gogo moja bila kiungo chochote kutoka nje ya mzingo wake, hivi kwamba sanamu nzima ni nguzo ya ukoo. Hata mtindo wa shetani uliochipuka miaka ya 1950 kwa mkono wa Samaki Likankoa, wenye mapengo na mikunjo mingi, hufuata mwendo wa mti. Ukitaka Kristo mwenye mikono iliyotandazwa, chonga mikono hiyo kwa vipande vingine na uiunge kwa ulimi na kiota, yaani ulimi wa kipande kimoja uingie kwenye tundu la kingine. Ukitaka gogo moja tu, chagua umbo ambalo mikono yake imekaa kifuani au inashika kitu kilicho karibu na mwili.

Finyanga mfano wa udongo wenye kimo cha sentimita 25, yaani sehemu 1 ya 10 ya sanamu yenyewe. Usichore michoro mingi mizuri badala ya mfano huo, kwa kuwa mchoro huonyesha upande mmoja na kuficha mingine. Ukae na mfano huo mahali unaposali kwa majuma kadhaa, uugeuze, uupunguze, uondoe kila kisichohitajika. Kwa kuwa sanamu itatazamwa kutoka chini, kifanye kichwa kiwe kikubwa kidogo kuliko kilivyo kwa mwanadamu na kiiname mbele kidogo. La sivyo, mtu aliye chini ataona kidevu na tundu za pua.

Kuchagua gogo na kuelewa maji yaliyomo

Mpingo ndio mti wa sifa katika uchongaji wa Tanzania na Msumbiji, lakini hukua polepole sana, mashina yake ni membamba na mara nyingi yamepinda, na ni mzito kiasi cha kuzama majini. Haufai kwa kazi hii. Kwa sanamu itakayosimama nje, mvule ni chaguo la kwanza kwa sababu hustahimili mvua na mchwa. Una mambo mawili ya kujihadhari nayo: vumbi lake huwasha ngozi na kusumbua mapafu, na ndani yake mara nyingine huwa na mawe meupe magumu ya chokaa yanayotengenezwa na mti wenyewe, ambayo huvunja makali ya patasi bila onyo. Mlio wa patasi ukibadilika ghafla ukawa mkavu, simama, fukua pembeni kwa ncha ya chuma, utoe jiwe kabla ya kuendelea. Mninga ni mtulivu kuliko wote, haujikunji sana unapokauka. Mkangazi huchongeka vizuri na hupendeza ndani ya jengo. Mwembe uliozeeka ambao mwenye shamba anataka kuung'oa ni gogo la bei nafuu, laini mkononi, lenye upana wa kutosha, ila uwekwe ndani tu na ukingwe mapema dhidi ya bungua.

Usinunue gogo lisilo na karatasi. Nchini Tanzania Wakala wa Huduma za Misitu ndio unaosimamia vibali vya kuvuna na kusafirisha mazao ya misitu, na Kenya ina Huduma ya Misitu yenye jukumu kama hilo. Mti ulioibwa msituni hauwezi kuwa mwanzo wa kazi ya ibada, nami sioni namna ya kulilainisha jambo hili.

Gogo lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 2.5 lina ujazo wa mita za ujazo 0.7 hivi, na likiwa bichi uzito wake hukaribia kilo 600 hadi 700. Maji ni sehemu kubwa ya uzito huo, na hayo ndiyo yatakayopasua sanamu yako. Sehemu ya nje hukauka na kusinyaa mapema huku ya ndani ikiwa bado imevimba, na kwa kuwa mti husinyaa zaidi kwa kuzunguka duara lake kuliko kuelekea moyoni, nje hujivuta mpaka ipasuke. Mafundi hukadiria mwaka mmoja wa kukausha kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ubao. Kwa hesabu hiyo, kungoja gogo zima likauke ni kazi ya kizazi kingine. Basi chonga likiwa bichi, na uuongoze ufa mahali unapoutaka.

Kuna njia mbili, na inafaa kuzitumia zote. Kwanza, tambua upande utakaokuwa mgongo wa sanamu, upasue mstari mmoja kwa msumeno kutoka juu hadi chini, wenye kina cha kufika kwenye moyo wa gogo. Gogo litakapojivuta, mstari huo ndio utakaopanuka, na uso wa mbele utasalimika kwa kiasi kikubwa. Pili, umbo la mbele likishapatikana kwa ukubwa, komba ndani ya mgongo na kuutoa moyo wote wa mti, ukiacha kuta zenye unene wa sentimita 8 hadi 10. Wachongaji wa makanisa ya Ulaya walifanya hivyo katika karne za kati, na wachongaji wa Japani walifanya hivyo kwa sanamu za Buddha. Siku gogo linapofika, paka vichwa vyote viwili nta iliyoyeyushwa, lami au rangi nzito ya mafuta, kwa kuwa maji hutoka kwa kasi zaidi kupitia hapo. Jioni, lifunike gogo kwa gunia lenye unyevu kidogo na turubai juu yake, na kila baada ya siku chache lifunue lipate hewa ili ukungu usiote.

Mahali pa kazi na kulisimamisha gogo

Jenga kibanda chenye paa na kilicho wazi pande zote, chenye nafasi ya kurudi nyuma angalau mita 4 kutoka kwenye gogo. Anza kuchonga gogo likiwa limelala juu ya magogo mawili mafupi, likibanwa kwa kabari kila upande, kwa sababu kazi ya shoka na msumeno wa mnyororo ni salama zaidi hivyo. Litasimamishwa baada ya kupunguzwa uzito. Wakati huo ukifika, tumia miguu mitatu ya mabomba ya chuma au nguzo imara, winchi ya mnyororo yenye uwezo wa tani 2, na mkanda mpana wa kuinulia badala ya kamba. Mtu mmoja tu atoe amri. Asiwepo mtu yeyote chini ya mzigo au upande ambao unaweza kuangukia. Likisimama, hakikisha kwa timazi kwamba limenyooka, kisha lifunge kwa nguzo tatu za kuegemeza.

Hapa ndipo mchongaji aliyezoea kujitegemea anapovunjwa moyo, kwa manufaa yake. Mzigo wa mamia ya kilo hauinuliwi kwa bidii ya mtu mmoja. Waite watu kwa heshima, waeleze nia ya kazi, kubalianeni mapema namna ya kuomba pamoja, hasa kama si wote wa dini moja, na uwalipe ujira wao siku hiyo hiyo. Nimeona kazi nzuri za makanisa ambazo wabebaji wake walidanganywa malipo, na siwezi kuzitazama kwa moyo mweupe.

Utaratibu wa siku

Wabenedikto, watawa wa Kikatoliki waliofungua nyumba zao kusini mwa Tanzania, Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, walikuja na desturi ya kugawa siku kati ya sala na kazi, kila moja ikiwa na saa yake. Mchongaji anahitaji mgawanyo kama huo. Chagua saa zilezile kila siku, nawe usizidishe saa tano za kuchonga, kwa kuwa mkono uliochoka hukata usichokiona. Zima simu. Fagia vumbi la jana. Kisha kaa chini unoe kwa dakika 20 au 30 bila kusema neno: mimina maji juu ya kinoo, laza ukingo wa patasi kwa nyuzi 25 kwa mti laini au 30 kwa mti mgumu kama mvule, uusukume kwa mwendo mmoja usiobadilika mpaka uguse mkunjo mwembamba wa chuma upande wa pili kwa kidole gumba, halafu uuondoe mkunjo huo kwa kipande cha ngozi. Pumzi hutulia yenyewe. Wanaotafuta namna ya kuingia katika ukimya bila kulazimisha mawazo wataipata hapa kuliko penginepo.

Baada ya kunoa, soma nia yako kwa sauti, omba kwa maneno ya imani yako, na uanze. Chonga kwa vipindi vya dakika 45 au 50. Kila kipindi kikiisha, weka chombo chini, rudi nyuma mita 4, zunguka sanamu yote bila kuigusa. Miongoni mwa wachongaji wa Kibuddha wa Japani kuna desturi ya kusujudu mara tatu kwa kila mkato mmoja. Si lazima kuifuata, lakini akili yake ni ya kweli: mkato ukitenganishwa na mwingine kwa kitendo cha heshima, mkono hauendi mbele ya jicho. Usichonge ukiwa na hasira. Weka siku moja ya juma isiyoguswa kabisa, iwe Jumapili, Jumamosi au Ijumaa.

Msumeno wa mnyororo una kanuni yake. Wakati unaunguruma usiimbe wala usitafakari jambo lolote. Umakini wote kwenye ncha ya chuma ndio sala ya saa hiyo. Vaa kofia ngumu, miwani, vizuia sauti, viatu vyenye ncha za chuma na suruali ya kinga. Usiunyanyue juu ya mabega, usikate kwa sehemu ya juu ya ncha yake kwa kuwa utarushwa nyuma kuelekea usoni, na usiutumie ukiwa peke yako.

Kuchonga: kutoka pande kubwa hadi uso

Chora mstari wa katikati kwa chaki mbele, nyuma na pande zote mbili za gogo, kisha gawanya urefu kwa alama za kila sentimita 25. Pima kwenye mfano wa udongo, zidisha kwa 10, na uhamishe vipimo vikuu tu: kilele cha kichwa, kidevu, mabega, viwiko, magoti, nyayo. Mistari hii itakatwa na kupotea mara nyingi, nawe utaichora upya kila asubuhi kabla ya kugusa shoka.

Kata mbele na nyuma kwanza kana kwamba unachonga kivuli cha sanamu kinachoonekana kutoka ubavuni, halafu kata kivuli kinachoonekana kutoka mbele. Pima kina kwa mikato ya msumeno iliyokingama, kila sentimita 10, kisha banjua vipande vilivyo katikati kwa shoka au patasi pana. Acha unene wa ziada wa sentimita 3 au 4 kila mahali. Unene huo ndio msamaha wako: ukikata kwa kina mno penye shavu, unaweza kurudisha uso mzima nyuma, pamoja na paji, kidevu na shingo, na uwiano ukabaki.

Baada ya msumeno huja tezo, yaani chombo kama shoka dogo ambalo makali yake yamekingama mpini, na kwa maoni yangu tezo ndiyo moyo wa kazi hii. Fundi Mmakonde huishika karibu na kichwa chake kwa mikato midogo na mwishoni mwa mpini kwa mikato mikubwa, na mdundo wake hausikiki kama kupiga bali kama kuhesabu. Sala fupi zinazorudiwarudiwa, kama rozari, dhikri au litania, hukaa vizuri juu ya mdundo huo. Chonga ukifuata nyuzi za mti, kutoka sehemu iliyoinuka kuelekea iliyoinama. Nyuzi zikianza kuchanika na kuinuka kama manyoya, unachonga kinyume chake, geuza upande.

Endesha sanamu yote kwa pamoja. Anayemaliza uso wakati miguu bado ni gogo hujifunga, kwa kuwa hataweza tena kusogeza kichwa hata kama mabega yanadai hivyo. Pua na kidevu viachwe vikubwa, macho na midomo viachwe vidogo na visivyo na kina, kwa sababu kilichobaki hupunguzika na kilichotoboka hakijazwi. Tazama kazi asubuhi na jioni, mwanga unapokuja kwa mshazari na kuonyesha kila bonde. Mwanga wa adhuhuri hudanganya.

Kufikia katikati ya kazi, gogo limekwisha kupoteza uzuri wake na umbo bado halijaonekana. Wengi huacha hapa, au huanza kuchonga mapambo madogomadogo ili wajione wanasonga mbele. Dawa yake ni kurudi kwenye mfano wa udongo na kuchagua pande kubwa tatu tu za kusahihisha juma hilo. Ukavu huu unafanana sana na ule ambao waombaji wa mafungo marefu huueleza, nao hupita kwa njia ileile, yaani kwa kubaki ndani ya saa zilizopangwa hata kama hakuna ladha.

Wakati wa kukomba mgongo, patumie kwa jambo lingine pia. Sanamu mbili za walinzi wa lango la kusini la hekalu la Todai-ji mjini Nara, Japani, zenye kimo cha zaidi ya mita 8, zilichongwa mwaka 1203 kwa siku 69 na kundi lililoongozwa na wachongaji Unkei na Kaikei, na zilipofunguliwa kwa ukarabati kati ya 1988 na 1993 maandiko matakatifu yalikutwa ndani yake. Nawe unaweza kuweka ndani ya mgongo chupa ya kioo iliyozibwa kwa nta, yenye nia yako na majina ya wote walioshiriki, wabebaji wakiwemo. Karatasi isiwekwe bila chupa, kwa kuwa italiwa na unyevu. Kisha funga mgongo kwa ubao wa mti uleule, usiogundishwa, wenye nafasi ndogo ya hewa pembeni.

Kumalizia, kusimika na kutunza

Napendelea alama za patasi zibaki zikionekana kwenye mavazi na nywele, na msasa utumike usoni na mikononi tu. Iache sanamu ipumue kwa miezi kadhaa kivulini. Nyufa ndogo zikitokea, usizijaze kwa unga wa mbao na gundi haraka. Ngoja zitulie, kisha ufa mpana utiwe kipande chembamba cha mti uleule. Paka mafuta ya kitani mara tatu, kila mpako ukauke kabla ya mwingine, na umalizie kwa nta ya nyuki ikiwa sanamu itakaa ndani. Matambara yenye mafuta ya kitani huweza kuwaka yenyewe yakilundikwa, hivyo yatandaze yakauke au yaloweke majini.

Kwa sanamu ya nje, mwaga zege lenye upana wa mita 1 kila upande na kina cha sentimita 30, lipande juu ya ardhi angalau sentimita 20, na katikati yake lisimamishe nondo nene isiyoshika kutu itakayoingia ndani ya kitako cha sanamu. Acha nafasi ya sentimita 2 kati ya mbao na zege kwa vipande vya chuma, ili maji yasisimame chini yake na mchwa waonekane wakipanda. Kipara cha juu, ambapo nyuzi zimekatika, kinahitaji mafuta mengi kuliko sehemu nyingine zote, na kama sanamu haina paa, kifunike kwa bati dogo la shaba.

Siku ya kuibariki, wakabidhi rasmi watu watatu au wanne wa mahali hapo kopo la mafuta, brashi na maelekezo yaliyoandikwa. Kila mwaka kabla ya masika wasafishe vumbi kwa brashi kavu, wachome kitako kwa bisibisi kuona kama kimelainika, wakague njia za mchwa kwenye zege, na wapake mafuta mapya kuanzia kichwani kwenda chini.